Mtoto mmoja, majina matatu: mwongozo wa mzazi kutoka Ngamiani, Tanga

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Nyuma ya daftari langu la vipimo, kule ambako mafundi wengine huandika madeni, kuna kurasa za kijana wangu. Ana miaka 9. Kwenye makaratasi yake kuna kifafa, kuna usonji (autism), na kuna ADHD, yaani ule ukosefu wa utulivu na umakini ambao mtaani unaitwa utundu wa kupitiliza. Majina hayo hayakuja siku moja wala hayakutoka kwa mtu mmoja. Kifafa kilitajwa akiwa na miaka 2, usonji miaka 4, la tatu alipoanza darasa la awali. Kila jina lilikuja na mtaalamu wake na masharti yake, na kila mtaalamu alimwona mtoto kwa dakika chache tu, foleni ikiwa imejaa mlangoni.

Hapo ndipo tofauti yetu na wazazi wengine ilipo. Wa kifafa anaangalia kifafa. Mwalimu anaangalia fujo. Bibi anaangalia kijicho. Anayemwona mtoto mzima, tangu anapofumbua macho hadi anapolala, ni wewe, na kama huandiki, hata wewe humwoni. Nimepanga hatua hizi kwa mpangilio ambao ningependa mtu anipe miaka saba iliyopita. Shule imekaa mwisho makusudi, ingawa najua ndiyo inayokukosesha usingizi.

Kwa nini majina huja kwa mafungu

Ubongo ni mmoja. Mtoto akikosa hewa wakati wa uchungu mrefu, akipata manjano makali siku za mwanzo, au malaria ikimpanda kichwani, madhara hayachagui kona moja ya ubongo. Hali nyingine, kama usonji, mara nyingi zimo kwenye vinasaba na mama hana kosa lolote, hata kama shangazi wa mume anasema vingine. Kati ya watoto wanne wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), takriban mmoja ana kifafa pia. Mwenye Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, anaweza kuwa na tatizo la moyo, masikio, macho na tezi ya shingo, na bado akawa na usonji juu yake. Usonji na ADHD hukaa nyumba moja mara nyingi sana, lakini DSM, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaofuatwa sehemu nyingi duniani, haukuruhusu mtoto apewe majina yote mawili mpaka toleo la tano lilipotoka mwaka 2013. Ukikutana na mtaalamu wa siku nyingi akakwambia "akiwa na hili hawezi kuwa na lile", usibishane naye. Mwombe kwa adabu amwangalie mtoto upya.

Jina la kwanza lina tabia moja mbaya: linameza kila kinachofuata. Mtoto akilia usiku, ni usonji. Akikataa chakula, ni usonji. Mwanangu alijigonga kichwa ukutani wiki mbili nzima na kila mtu, mimi nikiwamo, akasema ndiyo hali yake. Lilikuwa gego limeoza.

Hatua ya 1: Fungua daftari leo

Si kesho, na usisubiri daftari zuri. Andika mambo sita tu kila siku: usingizi (kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi), choo, chakula, dawa, kifafa kama kimetokea, na tabia moja iliyokusumbua zaidi pamoja na kilichotangulia kabla yake. Mistari mitatu inatosha. Huu hapa ukurasa wangu wa wiki moja ya Februari, joto la Tanga likiwa limekaa mabegani:

*Jumapili. Kalala saa 3, kaamka saa 9 usiku, umeme umekatika, feni imezima. Choo hapana, siku ya 2. Dawa asubuhi ndiyo, jioni ndiyo. Kala wali mweupe tu.*

*Jumatatu. Kalala saa 5. Choo hapana, siku ya 3. Saa 10 jioni kamng'ata dada yake. Cherehani zote mbili zinalia, mteja anaongea kwa sauti.*

*Jumanne. Kaamka amechoka. Kifafa saa 12.40 asubuhi, dakika 2, mkono wa kulia ulitangulia. Kalala mpaka saa 4. Choo kikavu, kalia.*

Mwalimu angeandika kuwa mtoto anang'ata. Daktari angeandika kuwa amepata kifafa. Ukisoma kurasa tatu kwa pamoja unaona kamba moja: joto limemnyima usingizi, choo kimekaza tumbo, mtu aliyechoka mwenye maumivu kawekwa katikati ya kelele, na kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa kwa kasi sana. Tulichotibu wiki ile kilikuwa feni na papai.

Daftari lilinisaidia kwa jambo zito zaidi. Alipoanzishiwa fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayopatikana karibu kila mahali, vifafa vilipungua. Lakini ndani ya wiki mbili akawa moto: hakai, hasinzii, anapanda madirisha. Wengi waliniambia sasa ADHD imekomaa. Mimi nilikuwa na tarehe. Nilimwonyesha daktari ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada, akausoma mara mbili, akaniambia, "Mama, dawa hii huwafanya baadhi ya watoto kuwa hivi." Akabadilisha polepole, wiki kwa wiki, mpya ikiingia huku ya zamani ikipungua. Utundu haukuisha wote, kwa sababu kweli ana ADHD, ila madirisha yalipumzika.

Na hapa ndipo sheria yangu kubwa ilipozaliwa: badilisha jambo moja kwa wakati. Gauni likibana kwapani na kiunoni, ukifumua kote kwa mpigo halafu likapwaya, hujui ni mshono upi ulioharibu. Ukimwanzishia mtoto dawa mpya, shule mpya na chakula kipya wiki moja, umejifunga macho mwenyewe. Ipe kila badiliko wiki mbili au tatu kabla ya kugusa kingine, isipokuwa daktari aseme vinginevyo au hatari itokee.

Hatua ya 2: Ziba hatari zinazoua

Kabla ya kumfundisha neno lolote, hakikisha yuko hai. Kwa watoto wetu hatari kubwa ni tatu: kifafa, moto na maji.

Kifafa kikianza, tazama saa. Mlaze ubavu ili mate yatoke, kunja khanga uiweke chini ya kichwa, sogeza stuli na mkasi. Usiweke kijiko mdomoni, usimshikilie viungo, usimpe maji. Mate yake hayaambukizi, na sijui tumewapoteza wangapi kwa sababu watu walikimbia kuogopa povu. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali bila kujadiliana. Na degedege likija na homa, ni hospitali vilevile, apimwe malaria haraka. Huku kwetu pwani bado wapo wanaomfukiza mtoto mavi ya tembo wakiamini degedege ni jini la ndege. Moshi unamnyima hewa mtoto ambaye tayari anapigania hewa.

Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla hata siku moja, hata kama mtoto ana miezi sita hajaanguka. Mimi niliacha siku tatu tu. Duka nililozoea liliishiwa, nikasema Ijumaa nitapata. Alhamisi alfajiri vilifuatana vitatu. Tangu hapo nanunua vidonge vikibaki vya siku kumi, si viwili. Mwenye binti amuulize daktari mapema kuhusu valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kwa sababu dawa hiyo ina madhara makubwa kwa ujauzito na binti hukua haraka kuliko tunavyotarajia.

Moto: jiko la mkaa lililokaa chini sakafuni ni adui wa mtoto anayeanguka bila taarifa. Inua jiko juu ya matofali au lizungushie uzio. Bafuni, oga ya ndoo na kata, mlango bila komeo. Na baiskeli, ambayo Tanga ni kama miguu ya mtu: mtoto ambaye kifafa chake hakijatulia haendeshi mwenyewe barabarani.

Maji yanahitaji neno la peke yake. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na hawaijui hatari yake. Mwanangu alipotea nikiwa napima mteja nyonga. Dakika ishirini. Alionekana njia ya kwenda Raskazone, kule baharini, anatembea taratibu, ndara mkononi. Baada ya hapo nilifanya mambo manne: nikafunika kisima cha jirani kwa mfuniko wenye kufuli, nikashona namba yangu ya simu ndani ya kola za mashati yake yote, nikapita kwa vijana wa bodaboda na bajaji kijiweni nikiwa naye ili waijue sura yake, na nikamwomba mjomba wake amfundishe kuogelea. Kuogelea kulichukua mwaka. Sijajuta hata siku moja.

Hatua ya 3: Kagua mwili kabla ya kulaumu tabia

Tabia ikibadilika ghafla, anza juu ushuke. Masikio: mtoto asiyeitika anaweza kuwa hasikii, na usaha wa masikio unaorudiarudia unapunguza usikivu, kwa hiyo hakuna haja ya kukubali jina la usonji kabla masikio hayajapimwa. Macho. Meno. Tumbo: choo kigumu huleta hasira, kukojoa ovyo na kukataa chakula. Damu: kama anakula udongo au chaki, apimwe wingi wa damu na apewe dawa ya minyoo, maana upungufu wa madini ya chuma huchangia kutotulia na kulala vibaya. Binti mkubwa, tazama tarehe za hedhi kwenye daftari.

Kuduwaa kunachanganya zaidi. Mtoto anakaza macho hewani, sekunde kumi, ishirini. Ni usonji, ni umakini umetoroka, au ni kifafa cha kimya? Mguse bega na umwite. Akirudi, pengine alikuwa mbali tu. Asiporudi, akapepesa kope au kutafunatafuna mdomo, kisha akaendelea na mchezo kana kwamba hakuna kilichotokea, mrekodi kwa simu. Video ya sekunde thelathini imemsaidia daktari wangu kuliko maelezo yangu ya nusu saa.

Hatua ya 4: Hospitali, bila kuimaliza nauli yote

Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Kwa safari za hospitali usemi huo ni kinyume: ukienda kutafuta jibu la siku moja utarudi na hasira. Anza Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, upate daktari wa watoto na watu wa utengamao, wale wa mazoezi ya viungo na wale wanaofundisha mikono kazi: kushika kijiko, kuvaa, kuandika. Ukihitaji kipimo cha umeme wa ubongo, kile wanachokiita EEG, au daktari bingwa wa ubongo wa watoto, rufaa itakupeleka mbali zaidi, mara nyingi Muhimbili. Kumbuka tu kwamba EEG ikitoka safi haimaanishi kifafa hakipo. Daktari huamua kwa maelezo na video zako kwanza.

Kabla hujapanda basi la Dar es Salaam panga yafuatayo. Andika maswali matatu, si kumi, na la kwanza liwe lile ambalo bila jibu lake usingelipa nauli. Beba kadi ya kliniki, hata kama imechakaa, kwa sababu historia ya kuzaliwa imo. Beba muhtasari wa ukurasa mmoja: majina aliyopewa na mwaka, dawa zote na vipimo vyake, dawa zilizowahi kumdhuru, vifafa vya miezi mitatu iliyopita. Omba miadi yote iwekwe siku moja au mbili zinazofuatana. Na kila unapopewa dawa mpya uliza mambo mawili kwa sauti: "Inagombana na hizi nyingine?" na "Inaweza kumfanya nini hali yake ile ya pili?" Daktari anayekuandikia cheti hiki pengine hajui alichoandika yule mwingine.

Fedha: sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali. Kwa mkubwa na usiyejiweza, dirisha lako ni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali. Nenda kabla ya kutibiwa, si baada ya bili. Mwenye bima aulize mapema kama inalipia mazoezi, siyo dawa tu.

Hatua ya 5: Usingizi

Hili nalitanguliza mbele ya mazoezi yote. Muda uleule kila siku, taa ya chini, simu na televisheni zimezimwa saa nzima kabla. Chandarua kilichochomekwa vizuri kinasaidia mara mbili, kinazuia mbu na kinampa mtoto mipaka ya kitandani. Kwangu kilichofanya kazi sikukitegemea: sauti ya cherehani. Nikishona mshono mrefu ulionyooka analala. Nikipiga vifungo anaamka. Kila mtoto ana mshono wake, utafute.

Hatua ya 6: Mpe lugha hata kama hana maneno

Fujo nyingi ni sentensi iliyokosa mlango. Anza na vitu halisi, kabla ya picha. Kwetu ndara mkononi ina maana tunatoka, kata ina maana kuoga, sahani ya bati ina maana kula. Unampa kitu kila mara kabla ya tendo, unasema neno moja au mawili, basi. Ilichukua miezi miwili. Siku moja nimekaa nakata kitambaa akaja akaniwekea sahani ya bati juu ya mkasi, akasimama. Nilipakua wali saa 4 asubuhi na sikujali kitu.

Baada ya vitu zikaja picha, nilizochora mwenyewe kwenye maboksi ya nyuzi, na baadaye mpangilio wa "kwanza" na "halafu". Kwanza viatu, halafu baiskeli. Usimpe kwanza tatu. Mwenye ADHD ataipoteza ya pili njiani. Na usiseme "usikimbie". Sema "tembea", kwa sababu "kimbia" ndilo linalobaki sikioni. Wapo watakaokuonya kuwa picha zitamfanya mtoto mvivu wa kuongea. Si kweli. Wangu alianza kutamka baada ya picha.

Tofautisha deko na kufurika. Mwenye deko anakuchungulia kuona kama unatazama, na akipata anachotaka ananyamaza. Aliyefurika hatazami mtu, na hata ukimpa anachokitaka hakioni. Kwenye Soko la Mgandini, mashine ya kusaga ikiunguruma na wapiga debe wakiita, wangu hufurika. Pale hatuhitaji fimbo wala maneno. Namtoa pembeni kwenye kivuli, nachuchumaa nikiwa chini kuliko macho yake, nanyamaza mpaka pumzi zake zirudi. Wapita njia watasema amelelewa vibaya. Waache waseme, hawatakaa naye usiku.

Hatua ya 7: Chagua stadi moja na uikate vipande

Mtoto mwenye hali tatu ana orodha ndefu ya asivyoviweza, na mzazi aliyechoka hutaka kuvishika vyote. Shika kimoja kinachokupunguzia kazi au kinachompa heshima. Sisi tulianza na kaptula. Nilimvalisha yote nikamwachia kipande cha mwisho tu, kuivuta kutoka nyonga hadi kiunoni, ili amalize yeye na asifiwe yeye. Alipokishika hicho nikamwachia kuanzia magotini. Kisha kuanzia vifundoni. Nilibadilisha zipu na kifungo nikaweka mpira, maana vidole vyake vilikuwa havijawa tayari na sikuona sababu ya kupigana vita mbili kwenye kaptula moja. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kwanza kukaa vizuri: fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha kona kwa vipimo utakavyopewa na mtu wa mazoezi. Usikisie vipimo. Kiti kibaya kinapinda mgongo.

Ramadhani hupindua ratiba yote: jiko linawaka saa nyingine, watu wanaamka daku, ngoma zinapita. Wiki mbili kabla naanza kusogeza chakula chake cha jioni kwa robo saa, na dawa zake hazisogei hata dakika. Yeye hafungi na hakuna wa kumlaumu. Kanzu ya Idd naifua mara tatu na kuitoa lebo shingoni kabla hajaiona.

Hatua ya 8: Shule

Usianze kwa mwalimu mkuu. Anza kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, umuulize shule ipi ya msingi ina kitengo cha elimu maalumu chenye mwalimu aliyesomea, mfano waliopita Chuo cha Ualimu Patandi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma, kwa hiyo huendi kuomba hisani. Nenda na barua ya hospitali na ule ukurasa mmoja.

Omba vitu vidogo vinavyowezekana katika darasa la watoto themanini: kiti cha mbele mbali na dirisha, kazi ya kusimama kila baada ya muda (wangu hufuta ubao na kugawa madaftari, ADHD yake ikapata ajira), ruhusa ya kutoka dakika mbili kabla ya kengele, na mwalimu mmoja anayejua cha kufanya kifafa kikija. Viboko viongelee mapema na uandike barua ubaki na nakala. Kanuni za elimu zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu au yule aliyemteua kwa maandishi tu, na visizidi vinne. Mtoto anayechapwa kwa kuduwaa wakati ubongo wake uko kwenye kifafa hajifunzi chochote zaidi ya kuogopa.

Tulianza na siku mbili kwa wiki, saa mbili kila siku. Walimu wa shule ya kwanza hawakutaka, wakasema ni yote au hapana. Ya pili walikubali. Sasa anakaa mpaka mchana siku nne.

Nyumbani

Mama mkwe wangu anaamini kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Sikugombana naye. Nilimwambia, "Mama, kombe anywe, na kidonge ameze, vyote kwa mkono wako." Leo ndiye mtu makini kuliko wote kwa saa za dawa, kwa sababu nilimpa nafasi badala ya somo. Mganga anayesema uache dawa ndipo atibu, huyo mkimbie.

Dada yake mtu ana miaka 12. Kila Jumamosi alasiri ni wake peke yake, tunakwenda kula machungwa ya Muheza barazani kwa shangazi bila mdogo wake. Nilichelewa kulijua hilo. Aliniambia siku moja akiwa na miaka 8, "Mama, na mimi nikianguka utaniandika?"

Na wewe utaugua, utasafiri, utafiwa. Kwa hiyo mlango wa chumba changu una karatasi, na kila anayepokea zamu huisoma mbele yangu kabla sijaondoka. Nilipokwenda mazishini Korogwe siku mbili iliandikwa hivi:

*Dawa saa 1 asubuhi, saa 1 jioni. Kopo jekundu. Kidonge kizima ndani ya kipande cha ndizi.*

*Kifafa: ubavu, saa, khanga. Dakika 5, bajaji ya kijiweni, wanajua. Beba kopo.*

*Mchuzi pembeni. Usiguse wali.*

*Umeme ukikatika mtoeni barazani, msimbembeleze chumbani.*

*Akifurika, kaa chini, nyamaza.*

*Choo andikeni.*

*Akileta ndara anauliza nilipo. Mwonyesheni picha ya basi na vidole viwili. Kesho yake, kidole kimoja.*